Mwenyewe Ajitokeze

Kila mtu katika mji ule alikuwa na simu mkononi, lakini habari haikuwa habari mpaka Kipaza aipitishe. Ndivyo walivyokuwa watu wa pale, na usiwacheke, maana hata kwenu yupo mtu mmoja ambaye mpaka aseme yeye ndipo mnavaa viatu. Kipaza alikuwa mtangazaji wa mji. Alikuwa na baiskeli nyeusi yenye kengele kwenye usukani, na tarumbeta la bati lisilojua betri wala waya: mdomo mwembamba upande mmoja, mdomo mpana upande wa pili, na katikati pumzi zako mwenyewe. Maji yakikatwa, chanjo ikifika, mtu akifariki, ng'ombe akitoroka, yeye ndiye aliyezunguka mtaa kwa mtaa akisema. Na koo alijaliwa. Akianza kusema sokoni, mafundi wa gereji kule mwisho wa mji waliweka spana chini wasikilize.

Tangazo aliloliheshimu kuliko yote lilikuwa la mtoto aliyepotea. Hilo mji ulikuwa na utaratibu wake wa tangu zamani. Mtoto akiokotwa anapelekwa kwa mtangazaji, naye anampakia kwenye baiskeli na kupita akisema: "Amepatikana mtoto! Amevaa hivi, amevaa vile! Mwenyewe ajitokeze!" Sasa huyo mwenyewe hakuruhusiwa kuja kimya kimya. Alitakiwa kupaza sauti palepale alipo, hata kama yuko juu ya ngazi, hata kama ana povu la sabuni kichwani: "Wangu!" Ilikuwa ni ili mtaa mzima usikie na uache kuhangaika. Kisha mtangazaji anamgeukia mtoto na kumuuliza, "Unamjua huyu?" Mtoto akiitikia, mambo yamekwisha. Watu wanacheka, na mama anatafuta pa kuficha uso, maana mji mzima umeshajua kaptura ya mwanawe imechanika wapi.

Hata mwenyekiti wa kamati ya sherehe za miaka mia ya mji, mwenye duka la misumari na rangi, mtu mzima na kitambi chake na heshima zake, alishatangazwa hivyo utotoni. Alikutwa amelala kwenye maranda ya seremala. "Amevaa blauzi ya maua!" Kipaza alisema siku ile, na alikuwa hasemi uongo, ilikuwa ya dada yake. Mji haujasahau mpaka leo, na mwenyekiti akijitia ukubwa sana kwenye kikao, hakosi mtu wa kumuuliza habari za maua.

Ila Kipaza mwenyewe alikuwa mtoto wa kupatikana, na hilo kila mtu alilijua bila kulisema.

Alikutwa kituo cha basi, kadogo, kanakaribia umri wa kuanza shule, kamekaa juu ya kifurushi cha nguo. Kama alishushwa kwa makosa, kama aliachwa, hakuna aliyejua, na yeye mwenyewe hakumbuki zaidi ya mkono wa mtu na harufu ya dizeli. Mtangazaji wa wakati huo, mzee mwenye tarumbeta hili hili la bati, alimtangaza asubuhi. Akamtangaza jioni. Akamtangaza kesho yake na siku zilizofuata, mtaa kwa mtaa, mpaka sauti ikamkauka. "Mwenyewe ajitokeze!" Hakuna aliyeitikia. Walikuwa wanasimama milangoni, wanamtazama yule mtoto kwenye baiskeli, wanafuta macho, lakini neno halitoki.

Halafu wakamlea. Mke wa mwoka mikate, wakati huo bibi harusi ambaye hata sufuria zake hazijapata masizi, alimpa mkate wa moto na pa kulala nyuma ya tanuri. Seremala akamtengenezea kitanda. Fundi cherehani akamshonea sare ya shule, mwenye bucha akawa anamwekea nyama, mwalimu akamfundisha kusoma kabla ya wenzake. Alikula huku, alioga kule, alichapwa popote alipostahili kuchapwa. Na kila nyumba iliambiana maneno yale yale: "Mtunzeni vizuri, mama yake akija asitulaumu." Yule mke wa mwoka mikate, ambaye mji ulikuja kumwita Mama Mkate, alimwita "mgeni". "Mgeni, umekula? Mgeni, hebu njoo nikuone masikio." Alikua, akaota ndevu, ndevu zikaingia mvi, na bado Mama Mkate alikuwa anamwita mgeni.

Alipooa, alimwoa binti wa yule fundi cherehani. Siku ya harusi watu wote walikwenda kukaa upande wa bwana harusi, mpaka baba wa bibi harusi akasimama kulalamika kwamba upande wake umebaki yeye, mkewe na viti.

Kwa hiyo Kipaza hakuwa na kinyongo na mtu, na asikudanganye yeyote. Alikuwa na shukrani iliyomjaa mpaka kooni. Lakini kila alipompakia mtoto wa mtu kwenye baiskeli, na ule mlio wa "Wangu!" ukatoka dirishani au kisimani, kitu kidogo kilimchoma hapa kifuani, mara moja, halafu kinapita. Yeye mlio huo hakuupata. Alilichukua tarumbeta la yule mzee kwa sababu hiyo hiyo, asije mtoto mwingine akatangazwa bila mtu kuitikia. Na alijiapia jambo moja: siku mji wote utakapokuwa mahali pamoja, atapanda juu awaambie asante, kwa sauti yake yote, mpaka wa gereji asikie. Siku hiyo, aliamua, itakuwa sherehe ya miaka mia.

Basi ndipo uvimbe ukamwota kooni.

Madaktari walifanya kazi yao vizuri, Mungu awabariki. Walimkata, wakautoa, wakamrudisha nyumbani mzima na mwenye hamu ya kula. Uhai ulirudi wote. Sauti haikurudi. Kilichotoka mdomoni mwake sasa kilikuwa kama upepo unaotoka kwenye valvu ya tairi, na ili umsikie ilikubidi usogeze sikio. Alilitundika tarumbeta kwenye msumari juu ya cherehani ya mkewe, baiskeli akaiegemeza ukutani, na akawa mtu wa ndani.

Mji ukapatwa na kizunguzungu. Kamati ilituma ujumbe kwenye simu za watu wote kuitisha mkutano wa kwanza wa sherehe, na siku ya mkutano ukumbi ulikuwa na mwenyekiti, mfagizi na njiwa wawili. "Tuliona kwenye simu," watu walijitetea baadaye, "lakini Kipaza hakupita."

Mwenyekiti akaja nyumbani kwake, kofia mkononi.

"Hodi humu!"

"Karibu, mwanangu," mke wa Kipaza alimjibu bila kuinua mguu kutoka kwenye cherehani. "Sogeza hizo nguo ukae. Siyo hiyo, hiyo ina pini."

Mwenyekiti alikaa, akaangalia tarumbeta ukutani, akakohoa. "Mzee wangu, shikamoo. Sitazunguka. Siku ya sherehe, ufunguzi ni wako. Unapanda jukwaani, unasema neno, tunaanza."

"Kwa sauti ipi?" Kipaza alinong'ona.

"Ipi? Eh... huu ndio mji wako, mzee. Tumekodi spika kubwa kama makabati. Mbele ya ile maiki mbu akipiga chafya, mji wa jirani watamwambia pole."

Kipaza alitikisa kichwa. Alifungua mdomo aseme hapana, lakini mkewe alimwahi.

"Atakuja," alisema, na cherehani ikaendelea kunguruma.

Mwenyekiti aliondoka haraka, kama mtu aliyeuziwa kitu kwa bei nzuri anayeogopa mwenye duka asibadili mawazo. Kipaza alimgeukia mkewe.

"Umenisemea."

"Ulipokuwa na koo nilikusemea lini? Umetangaza mpaka siku zangu za kujifungua, mtaa mzima. Sasa zamu yangu."

"Basi unisemee na siku hiyo. Nitakwambia maneno, wewe uyaseme."

Hapo alisimamisha cherehani. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, na akisimamisha cherehani ujue analolisema amelipima kama kitambaa. "Hilo siwezi, baba watoto. Ningeweza, ningefanya. Lakini nimeishi na wewe miaka yote hii nikikusikia unaifanyia mazoezi hiyo asante yako ukidhani nimelala. Asante mtu haagizi kama anavyoagiza sukari dukani. Utakwenda mwenyewe."

Basi akaanza kujifundisha. Binti yao wa mwisho, muuguzi wa zahanati, alimpa mazoezi: vuta pumzi kwa tumbo, itoe polepole, usilazimishe, baba, ukilazimisha utaharibu. Kila asubuhi alisimama kati ya magauni yaliyoning'inia, akavuta pumzi, akaitoa. Siku nyingine ilitoka sauti, sauti ya kweli, nene, kipande kidogo, na mkewe alitupa mkasi akapiga vigelegele. Siku iliyofuata ilikuwa imekwenda tena. Alifupisha hotuba. Kwanza aliondoa salamu za viongozi, jambo ambalo kwa kweli halikumuuma. Kisha akaondoa majina ya nyumba. Mwisho alibakiza maneno machache tu: Nilipotea, mkaniokota, asanteni. Hayo, alisema moyoni, hata koo bovu litayabeba. Yasipotoka siku hiyo, yatatoka lini tena? Mama Mkate alikuwa ameshakula chumvi nyingi, yule mwalimu alikuwa haoni vizuri, seremala na mwenye bucha walikuwa wameshatangulia. Wa kuambiwa walikuwa wanapungua.

Siku ikafika, na ilikuwa siku. Kingo za barabara zilikuwa zimepakwa chokaa, nguzo zimefungwa riboni, na kila duka lilikuwa limefagia mbele yake hata lile la mwenye baa, ambaye hajawahi kuonekana na ufagio. Watoto wa shule walipita na ngoma na filimbi wakipishana kidogo na mdundo. Mafundi wa gereji walivuta kamba na walimu, wakashindwa, wakadai marudiano. Wachezaji wa zamani wa timu ya mji walicheza na vijana kwa muda mfupi sana, kisha wakaomba maji na viti. Mkate ulioandikwa umri wa mji ulibebwa na wanaume kwa ubao, mrefu kama mlango, na Mama Mkate alitembea nyuma yake na fimbo yake akiwatukana wasiutikise. Watu waliohamia mbali walirudi. Walikumbatiana katikati ya barabara wakazuia msafara, na hakuna aliyewapigia honi.

Kipaza alivaa koti la kijivu aliloshonewa na mkewe. Tarumbeta alilibeba kwapani, kwa mazoea tu. Alipopita, watu walimpigia makofi, na yeye akainamisha kichwa.

Mwenyekiti alimkaribisha jukwaani. Akampa maiki, akamshika bega, akashuka. Uwanja wote ulikuwa mbele yake. Hakuwahi kuwaona wote mara moja. Miaka yote aliwaona vipande vipande, mlango kwa mlango. Sasa walikuwa pale, mpaka juu ya paa la stoo, na kila aliyemtazama alikuwa na kisa naye. Yule alimpatia viatu. Bibi wa yule alimwogesha. Yule pale, Kipaza ndiye aliyemrudisha kwao akilia.

Alivuta pumzi kwa tumbo kama alivyofundishwa. Akaitoa.

"Nili..."

Spika zilitoa mkwaruzo. Alijaribu tena, akalazimisha, na koo likafunga kabisa. Hata ule upepo haukutoka. Yale makabati yalitangaza kimya chake mji mzima. Mtoto mmoja alicheka, akakanywa. Kipaza alimtafuta mkewe kwa macho, akamwona amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Alijaribu mara ya mwisho. Machozi yalianza kumlenga, akaona aibu, akageuka kushuka. Alijiambia kwamba basi, imeshindikana, na moyo ulimuuma kuliko kisu cha madaktari.

Hakuifikia ngazi. Mama Mkate alikuwa anaipanda.

Alipanda polepole, fimbo kwanza, mguu baadaye, na waliotaka kumshika aliwafukuza kwa kiwiko. Alipofika juu alisimama kuvuta pumzi. Akalitoa tarumbeta kwapani mwa Kipaza, akalitazama lilivyoingia kutu, akalipangusa kwa khanga yake. Maiki hakuijali, akaiacha mkononi mwa Kipaza. Akaweka mdomo kwenye bati.

"Sikilizeni!" Sauti yake ilikuwa imepasuka lakini ilikwenda. "Amepatikana mtoto!"



"Amekutwa kituo cha basi! Ana mvi! Amevaa koti la kijivu, jipya, na kamba moja ya kiatu imefunguka!" Kipaza alitazama chini, na kweli ilikuwa imefunguka. "Mtoto huyu alitangazwa zamani, na sisi tukanyamaza. Mimi nilikuwepo! Hatukukosa wa kumtaka. Kila mmoja wetu alimtaka! Tuliogopa tu kumnyang'anya mama yake, tukasema leo atakuja, kesho atakuja. Tukamlisha kama mgeni, tukamwita mgeni. Sasa niambieni, mgeni gani huyu anayekaa mpaka anazeeka?" Aliishiwa pumzi. Akaegemea fimbo, akavuta nyingine. "Mama yake tumemngoja vya kutosha. Na popote alipo, namshukuru. Sasa naita mara ya mwisho. Mwenyewe ajitokeze!"

Kwa muda kidogo ilikuwa kama ile siku ya zamani, watu wamesimama na neno haliwatoki. Kipaza aliinamisha kichwa. Alikuwa anakijua kimya hicho.

"Wangu!"

Ilitoka nyuma kabisa, kwa mwalimu mzee asiyeona vizuri, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja akiangalia upande usio wenyewe.

"Wangu!" alipiga kelele mtoto wa mwenye bucha, kwa niaba ya baba yake.

"Wangu huyo! Kitanda alilalia chetu!"

"Kitanda tu? Shuleni alikuwa anakwenda na viatu vya kaka yangu! Wangu!"

"Wangu!" alisema mwenyekiti, na sauti ikampasuka, kitambi kikatetemeka. Ikatoka kwenye paa la stoo, ikatoka kwa mafundi wa gereji, kwa wapiga filimbi, kwa watu waliokuwa hawajazaliwa wakati huo, wangu, wangu, wangu, mpaka hakuna aliyesikia la mwenzake. Mke wa Kipaza alipanda juu ya benchi akashika kiuno. "Ngojeni kwanza!" alipiga kelele. "Huyu ni wangu, na cheti ninacho!" Watu wakacheka huku wakilia, na kelele zikaanza upya.

Mama Mkate aliinua fimbo. Alikuwa hajamaliza. Utaratibu ni utaratibu, na umebaki mstari mmoja. Alisubiri mpaka wakatulia wote. Kisha alishusha tarumbeta, akamgeukia Kipaza, akamshika kidevu kama alivyokuwa akimshika zamani alipotaka kumkagua masikio.

"Mwanangu," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Unawajua hawa?"

Kipaza hakuvuta pumzi kwa tumbo wala kwa kifua. Hakukumbuka zoezi lolote. Hakukumbuka hata kwamba maiki bado iko mkononi, karibu na mdomo wake. Alimjibu mama yake tu, kwa ule upepo wake mdogo, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu hata kukohoa, zile spika kubwa kama makabati ziliuchukua zikaupeleka uwanja mzima, mpaka gereji.

"Nawajua," alisema. "Asanteni."